Moto usio na mwali, na swali la binamu wa Toronto

Wadau, nimepotea, najua. Testi tatu wiki moja, na umeme wa hosteli unakuja na kuondoka kama mpangaji anayekwepa kodi. Lakini hii ya leo lazima niiandike.

Jumapili mwenzangu wa chumbani kanisomea meseji ya binamu yake aliyeko Toronto, mlinzi wa usiku kwenye maegesho ya magari. Jamaa anavuta bangi (kule ni halali tangu 17 Oktoba 2018, huku kwetu ni kosa la jinai, msije mkasema sikuwaambia) na kifua kimemchoka. Anataka kuacha kuichoma, awe anaipasha tu mpaka itoe mvuke, kwa kile kidude cha mfukoni. Je, anunue cha betri au cha gesi ya butani? Kwa kuwa nasoma kemia, ati mimi ndiye nijue! Nikaingia maktaba kwa dakika tano, nikatoka jioni. Kumbe kidude kina ukoo.

Na ukoo wenyewe unaanza na msiba. Tarehe 25 Mei 1812 mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka ukaua watu 92, wengine watoto kabisa. Baada ya hapo Humphry Davy aliombwa atafute taa salama, na mwaka 1815 akaipata: mwali uliofungiwa ndani ya wavu wa waya. Wengi huishia hapo kwenye hadithi yake. Mimi kilichonishika ni cha 1817. Aliona kwamba waya mwembamba wa platinamu, ukishapata moto na kuwekwa kwenye mchanganyiko wa gesi na hewa, unaendelea kung'aa bila mwali wowote. Gesi inaungua pale pale juu ya chuma, na chuma hakipungui! Mwaka 1823 Döbereiner, kule Jena, Ujerumani, akapuliza haidrojeni kwenye platinamu ya sponji ikashika moto yenyewe, akatengeneza kiwashio cha mezani kabla njiti za kiberiti za kusugua hazijaingia madukani. Berzelius akaja kuipa tabia hiyo jina mwaka 1835. Ndicho kile kichocheo kinachotusumbua kwenye mitihani.

Sasa rukeni mpaka Carlow, Ireland. Kampuni ya Oglesby & Butler ilikuwa ikitengeneza Portasol, chuma cha kuchomelea waya kinachotumia butani, ili fundi apande juu ya nguzo bila kuburuza kamba ya umeme. Moyo wake ni kichocheo kile kile cha Davy. Baadaye wakautia kwenye kidude cha mvuke, Iolite. Gesi inaungua kimya, chumba kidogo kinapata joto, majani hayashiki moto. Wamarekani wa DynaVap, Wisconsin, wao hawakuweka gesi ndani kabisa: unapasha kifuniko kwa kiberiti cha gesi mpaka vyuma vyake vilie "tik", basi joto limetosha.

Turudi kwa binamu. Butani inachemka kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri. Toronto mwezi wa Januari, nje usiku, iko chini zaidi ya hapo, kwa hiyo gesi inabaki maji humo ndani na kidude kinakataa kuwaka. Isobutani inavumilia mpaka kama nyuzi 12 chini ya sifuri, au akiweke kifuani ndani ya koti. Betri nayo hulegea kwenye baridi, lakini unachagua joto mwenyewe.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba anajipumzisha ndani ya gari, vioo juu. Moto usio na mwali bado unakula hewa, na hewa ikipungua unatoa kaboni monoksaidi. Sisi wa majiko ya mkaa hadithi hiyo tunaijua. Kidude ni kidogo, sawa, ila gari lililofungwa nalo si ukumbi. Na mvuke si dawa ya kifua jamani, umepunguza moshi tu.

Nikamwandikia: chukua cha betri. Jibu limeingia saa sita usiku. Cha gesi alishanunua wiki iliyopita, alikuwa anatafuta tu wa kumuunga mkono. Nimemwambia basi angalau ashushe kioo. Hajajibu mpaka sasa.