Makazi stahiki: istilahi inavyopimwa Ngorongoro na Karatu

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1976, unataja makazi katika ibara yake ya 11 pamoja na chakula na mavazi. Sifa ya makazi hayo kwa Kiingereza ni adequate, na hapo wafasiri wetu huachana njia. Wapo wanaoandika "makazi ya kutosha", na msomaji anaelewa kwamba jambo ni idadi: nyumba ngapi kwa watu wangapi. Wapo wanaoandika "nyumba bora", na picha inayomjia msomaji ni ile aliyoisikia katika mikutano ya kijiji tangu utotoni, yaani tofali, saruji na bati.

Mimi nashikilia "makazi stahiki". Mtu akistahiki kitu, hakipati kwa hisani ya yeyote. Maneno stahiki na haki yana mzizi mmoja wa Kiarabu, na haki ndiyo kiini cha ibara ile. "Makazi" nalo linatokana na kukaa, kwa hiyo linabeba maji, njia, malisho na jirani, vitu ambavyo neno "nyumba" huviacha nje ya mlango.

Mwaka 1991 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza sifa hiyo kwa vigezo saba: uhakika wa kisheria wa kukaa mahali, huduma na miundombinu, gharama zinazobebeka, hali inayomfaa binadamu kuishi, kufikika na wenye mahitaji maalumu, mahali penyewe palipo karibu na kazi, shule na tiba, na kuheshimu utamaduni wa wakaaji. Ukisoma vigezo hivyo ukiwa Endulen au Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, unaona haraka kwamba ukuta na paa ni sehemu ndogo tu ya habari.

Hifadhi ya Ngorongoro ilianzishwa mwaka 1959 iwe eneo ambalo wanyamapori, watu na mifugo wanaishi pamoja, na Wamaasai walioondoka Serengeti walikuwa miongoni mwa wakazi wake. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 1974, waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa, na mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo. Wakazi walikuwa takriban 8,000 mwanzoni. Kufikia 2022 serikali ilikuwa ikitaja zaidi ya 100,000. Anayetaka kujenga kwa saruji na bati humo anahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Familia nyingi basi hubaki na enkaji, nyumba ya fito iliyokandikwa udongo na samadi, ambayo kwa desturi hujengwa na mwanamke naye ndiye mwenyewe. Mpimaji wa "nyumba bora" akipita hapo ataandika sifuri. Mpimaji wa makazi stahiki atalazimika kuipa alama ya utamaduni, kisha aulize kwa nini mama huyo hana ruhusa ya kuiboresha akitaka.

Mwaka 2022 serikali ilianza kuhamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, katika mpango inaouita wa hiari. Huko familia hupewa nyumba ya vyumba vitatu yenye bati, kiwanja na shamba. Nyumba hizo ni imara, na watu waliozifurahia wapo. Sitaki kulificha hilo. Lakini vigezo vinaendelea kuuliza. Mzee mwenye wake watatu, kila mmoja na enkaji yake, anagawanyaje vyumba vitatu? Ng'ombe watalishwa wapi? Waliokuwa wakilima na kuchunga Msomera kabla ya wageni kufika, uhakika wao wa kukaa uko wapi? Na hiari ina uzito gani pale ambapo huduma za anakotoka mtu zinapungua? Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata na vijiji vya Ngorongoro. Maelfu ya wakazi wakajitokeza barabarani, na Mahakama Kuu jijini Arusha ikasimamisha utekelezaji wake tarehe 22 mwezi huohuo. Bila kijiji kinachotambulika, hata kupiga kura kunakuwa shida.

Kigezo cha kwanza kwa kawaida hutafsiriwa "usalama wa miliki", nami siipendi tafsiri hiyo, kwa sababu inamsahau asiyemiliki. Karatu mjini, jirani na hifadhi, ni mji wa wapangaji: madereva wa watalii, wahudumu wa hoteli, vibarua waliotoka Mang'ola baada ya msimu wa vitunguu. Hawana hati yoyote ya ardhi, ila mwaka 1991 Kamati ile iliwahesabu waziwazi pamoja na wakaaji wa mitaa isiyopimwa. "Uhakika wa ukaaji" unawaingiza wote: mwenye hati, mpangaji, na mfugaji ambaye ardhi yake ni ya pamoja.

Limebaki neno linaloambatana na miji siku hizi, "ustahimilivu". Kwa masikio yetu kustahimili ni kuvumilia, na ni rahisi kumtwisha maskini uvumilivu huo. Kwa mji, maana yake ni uwezo wa kupokea pigo na kuendelea kuhudumia watu. Mwaka 2007, matetemeko ya mlima Gelai na mlipuko wa volkano ya Ol Doinyo Lengai yalitukumbusha kwamba tunaishi juu ya Bonde la Ufa, na ukuta wa tofali usio na nondo hauhimili mtikisiko. Tofali zenyewe huchomwa kwa kuni, na kuni zina bei nyingine: msitu wa nyanda za juu ulio ndani ya hifadhi ndio unaolisha chemchemi zinazonywesha Karatu. Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao za tembe kwenye miteremko, wakaezeka kwa udongo, bila tanuri. Sisemi tuzirudie. Nasema wahandisi wanaopanga mitaa mipya ya Karatu wazisome kabla ya kuwasha tanuri lingine, na tofali za udongo na saruji zinazoshindiliwa bila kuchomwa tayari zinajulikana nchini.