RAM ya kivuli: mbinu iliyozipa kasi kompyuta za zamani

Mara nyingi nasikia kompyuta ikisifiwa kwa prosesa yake pekee. Leo nataka tuiangalie RAM ya kivuli, mbinu iliyoenea katika kompyuta za 286 na 386, kwa sababu inaonyesha kuwa kasi ya prosesa haisaidii kitu ikiwa prosesa yenyewe imekaa kungoja.

Kompyuta hizo zilipowashwa, programu ya kwanza kufanya kazi ilikuwa BIOS. Ilikaa ndani ya chipu ya ROM, ambayo haisahau kitu umeme ukikatika. Enzi za DOS, kazi ya BIOS haikuishia kuwasha mashine. Programu ziliiita kila mara kusoma kibodi, kuandika kwenye skrini na kufikia diski.

Taabu ni kwamba ROM ilikuwa na mwendo wa pole. Prosesa ya 386, iliyotoka mwaka 1985, iliweza kupokea biti 32 kwa mkupuo mmoja. ROM kwa kawaida ilitoa biti 8 au 16 tu, tena kwa kuchelewa.

Dawa ikawa hii: mashine ikiwaka, BIOS inanakiliwa kutoka ROM hadi RAM. Kisha chipu za bodi kuu zinaielekeza anwani ileile kwenye nakala, na kuifunga isiandikwe. Programu hazihisi tofauti yoyote ila kasi. Ni kama mwalimu wa chuoni anayeandika somo ubaoni badala ya kila mwanafunzi kwenda kabatini: kitabu kinabaki salama, na darasa likiisha ubao unafutwa.

Gharama yake ilikuwa RAM, nayo wakati huo ilikuwa ghali. Katika mashine ya megabaiti 1, DOS ilitumia kilobaiti 640, zikabaki 384. Baadhi ya bodi ziliweza kuzihamisha hizo zikawa kumbukumbu ya ziada. Ukiwasha kivuli, ulizikosa, zote au sehemu yake.

Baadaye Linux na Windows NT zilikuja na madereva yao, zikapunguza kuitegemea BIOS. Hata hivyo kivuli hakikufa: BIOS zilianza kuhifadhiwa zikiwa zimebanwa, na lazima zikunjuliwe ndani ya RAM kwanza.

Kwa hivyo, kabla hujaitupa kompyuta kuukuu kwa uzito wake, mimi nashauri uulize kwanza: prosesa inangoja nini? Huenda ni diski, huenda ni uchache wa RAM, na vyote viwili hubadilishwa.