Stesheni ya Kasese na Shaba ya Kilembe

Miongoni mwa stesheni zilizoachwa katika Afrika ya Mashariki, ile ya Kasese, chini ya milima ya Rwenzori upande wa magharibi wa Uganda, yafaa kuangaliwa. Maana habari zake zaonyesha hatari ya njia kujengwa kwa ajili ya mzigo mmoja.

Reli itokayo Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kampala mwaka 1931. Hapo ilikoma kwa miaka mingi. Kilichoivuta mbele tena ni shaba ya Kilembe, mahali palipo maili chache kutoka Kasese. Njia mpya, yenye urefu wa maili 200 na zaidi, ilifika Kasese mwaka 1956. Wajenzi walipata taabu nyingi: kwanza mabwawa ya mafunjo, yenye udongo usioshika kitu, kisha mteremko mkali wa kuingia Bonde la Ufa.

Mwaka ule ule mgodi ukaanza kutoa shaba. Mawe yalisagwa na kuchujwa, yakapakiwa katika mabehewa mpaka Jinja, ambako yaliyeyushwa tanurini kwa umeme wa Owen Falls; kisha shaba ikaendelea hata bandari ya Mombasa. Watu wa makabila mengi wakaja kutafuta kazi, na penye nyika pakawa mji.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa. Mwaka 1982 mgodi ukaacha kutoa shaba. Basi, je, ni kukoma kwa shaba peke yake kulikoiua stesheni? Sivyo. Kiwanda cha saruji cha Hima, kilicho karibu na njia hiyo, kilikuwa na mizigo bado. Ila njia isiyotengenezwa haiwezi kushindana na motokaa. Na katika miaka ya 1990 magari ya moshi yakakoma, abiria wakabaki na barabara tu.

Wahenga husema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Stesheni iliutegemea mgodi, ikafa baada yake. Mji wa Kasese ulipata biashara nyingine, ukaishi. Mwalimu afundishaye habari za nchi na awaonyeshe wanafunzi reli zile zenye kutu: nazo ni kitabu, kwa ajaye kusoma.