Jicho na Sikio: Historia Fupi ya Kupima Ufahamu wa Kiingereza katika Shule za Sekondari

Mwalimu wa sekondari akitangaza darasani kwamba leo watafanya ufahamu, kila mwanafunzi hujua kinachokuja: habari ya aya nne au tano, na chini yake maswali. Neno ambalo kwa asili lilitaja tendo la akili limekuwa jina la sehemu moja ya karatasi ya mtihani. Mabadiliko ya namna hii ni ya kawaida katika lugha, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini katika kushughulikia istilahi za elimu tumeona kwamba jina hili, kwa jinsi lilivyozoeleka, limeacha kitu nje. Habari inayopimwa katika ufahamu husomwa, haisikilizwi. Ilhali mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, ambaye kwa miongo mingi amefundishwa masomo karibu yote kwa Kiingereza tangu kidato cha 1, hupata sehemu kubwa ya elimu yake kwa sikio. Vitabu ni vichache, na mwalimu ndiye kitabu. Makala haya yanajaribu kueleza jinsi sikio lilivyoachwa nje ya upimaji, na ni istilahi zipi zinazohitajika ili jambo hilo liweze kusemwa waziwazi.

Hatuna budi kuanza na kitenzi kusoma, maana ndicho kinacholeta utata wa kwanza. Katika Kiswahili mtu husoma barua, na pia husoma hadi kidato cha 6. Maana hizi mbili hukaa pamoja bila taabu katika mazungumzo, lakini katika ripoti ya upimaji zinaweza kupotosha. Tukiandika kwamba wanafunzi hawawezi kusoma Kiingereza, msomaji mmoja atadhani hawajui herufi, na mwingine atadhani wameshindwa masomo. Kumbe kinachokusudiwa ni jambo la tatu: wanayatamka maandishi vizuri, ila maana haiwafikii. Watu wa pwani wameijua tofauti hii tangu zamani. Mtoto wa chuoni husoma Korani kwa sauti, juzuu zote 30, akahitimu, na jamaa wakamfanyia sherehe, bila ya yeyote kudai kwamba tayari anakijua Kiarabu. Tafsiri ni elimu nyingine, yenye walimu wake na wakati wake. Kitenzi hitimu chenyewe kimetoka katika kuikhitimisha Korani, na leo tunakitumia kwa vyuo vikuu. Shule ya kisasa ndiyo iliyochanganya mambo, ikadhani anayesoma amefahamu.

Tukirudi nyuma katika historia ya mitihani ya Kiingereza yenyewe, tunaona kwamba mwanzoni sikio halikusahauliwa. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani wa kupima umahiri wa Kiingereza kwa wageni. Ulichukua kiasi cha saa 12. Ndani yake mlikuwa na tafsiri, insha na fonetiki, lakini pia mlikuwa na imla, kusoma kwa sauti, na mazungumzo. Watahiniwa walikuwa 3, na hakuna aliyefaulu. Hata hivyo si mtihani huo uliozifikia shule za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Uliofika ni ule wa cheti cha shule, nao pia ulitoka Cambridge. Lakini asili yake ilikuwa mtihani wa vijana wa Uingereza wenyewe. Katika karatasi yake ya Kiingereza mtahiniwa aliandika insha, akafupisha habari, akajibu maswali juu ya habari aliyoisoma. Hapakuwa na haja ya kupima kama kijana wa Kiingereza husikia Kiingereza. Mtihani ukavuka bahari pamoja na dhana hiyo, ukamkuta kijana wa Tabora au wa Kikuyu ambaye kwake jambo lililochukuliwa kuwa limekwisha kujulikana ndilo hasa lililokuwa gumu. Na uzito wake ulikuwa mkubwa: aliyeanguka Kiingereza alikosa cheti, hata kama hesabu alikuwa nazo kichwani.

Baada ya uhuru mamlaka ya kutahini yalihamia nyumbani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kenya iliunda baraza lake mwaka 1980. Mengi yalibadilishwa, hasa katika historia, siasa na fasihi. Umbo la karatasi ya Kiingereza halikubadilika kwa kiasi hicho. Mtihani wa kidato cha 4 wa Tanzania umeendelea kwa sehemu kubwa kuwa mtihani wa karatasi na kalamu, mtahiniwa akiwa kimya na msimamizi akiwa kimya. Kenya ilijaribu kulikumbuka sikio kwa njia ya ajabu kidogo. Katika mtihani wa kumaliza sekondari uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, baadaye ilitengwa sehemu ya stadi za mazungumzo yenye alama 30 katika karatasi ya kwanza. Lakini sehemu hiyo nayo huandikwa. Mtahiniwa huulizwa ni maneno gani yanayofanana kwa sauti, au mkazo uko wapi, naye hujibu kwa wino. Mtu anaweza kuipata alama ya matamshi bila ya kufungua kinywa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba sikio halikosekani chini. Katika upimaji wa kitaifa wa darasa la 4 nchini Tanzania kumekuwa na imla: msimamizi husoma, watoto huandika. Neno imla tumelipata kwa Kiarabu, na tendo lenyewe ni kongwe kuliko shule za serikali. Yaani mtoto wa miaka kumi hupimwa kusikiliza, na kijana wa miaka kumi na minane, ambaye amekaa miaka akisikiliza fizikia na jiografia kwa lugha ya kigeni, hapimwi.

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho kimefanya kazi kubwa kuliko vyote katika mjadala wa lugha ya kufundishia nchini. Mwaka 1953 Wilson L. Taylor, mtaalamu wa uandishi wa habari huko Marekani, alieleza njia mpya ya kupima wepesi au ugumu wa maandishi. Huchukuliwa habari, kisha kila neno la tano, au la saba, hufutwa na kuachwa nafasi tupu. Msomaji hutakiwa kuyarudisha maneno yaliyofutwa. Jina alilokipa kipimo hicho alilitoa katika elimu ya saikolojia, kwenye dhana kwamba jicho likiona duara lenye upenyo hulikamilisha lenyewe. Mwanzoni kilichopimwa kilikuwa maandishi, si msomaji. Baadaye watahini wa lugha waligeuza kipimo, kikawa cha kumpima msomaji, na hasa msomaji mgeni. Kinapendwa kwa sababu ni rahisi kutunga na rahisi kusahihisha, iwe kwa kudai neno lile lile lililofutwa au kwa kukubali lolote lifaalo.

Walimu wetu hukiita zoezi la kujaza nafasi. Si jina baya, lakini halitoshi. Katika zoezi la kawaida mwalimu huchagua neno la kufuta, akitaka kumwonyesha mwanafunzi kihusishi fulani au njeo fulani. Katika kipimo cha Taylor hesabu ndiyo inayochagua, na ndipo ilipo nguvu yake. Tungependelea basi kusema kipimo cha mapengo, na inapobidi kutofautisha, mapengo ya hesabu na mapengo ya kuchagua. Pengo ni la kinywani, alipong'oka jino. Kila mtu anajua kwamba lilikuwapo kitu. Hapo inafaa kuongeza tahadhari kwa wale watakaokitumia kipimo hiki kwa Kiswahili. Mtu akiandika kwamba mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi pengo likafuatwa na ukafurika hadi barabarani, kiambishi u kimekwisha kututajia ngeli, na mto umeonekana kabla ya kutafutwa. Kwa upande mwingine neno letu moja hubeba kiima, njeo, kitendwa na tendo, hata likifutwa huondoka na sentensi nzima. Kufuta neno la tano katika Kiingereza na katika Kiswahili si kazi moja, na matokeo yake hayalinganishwi hivi hivi tu.

Kipimo cha mapengo ndicho walichokitegemea Clive Criper na William Dodd, wataalamu wa Kiingereza waliokuja Tanzania na kutoa ripoti yao mwaka 1984. Waliwapima wanafunzi wa shule za msingi, sekondari na chuo kikuu. Walisema kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha 4 waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Angalia neno ianzie: hawa walikuwa wanamaliza. Katika chuo kikuu, chini ya asilimia 20 ya waliopimwa ndio ambao wangeona wepesi kusoma hata vile vitabu rahisi vya masomo yao. Pamoja na hayo ripoti ilipendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia katika sekondari na elimu ya juu, na mradi wa kukitia nguvu ukafuata. Wakati huo Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilikuwa imekwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Miaka saba kabla ya ripoti hiyo ulikuwapo uchunguzi mwingine, ambao sisi tunaona haukupewa haki yake. Mwaka 1977 Baraza la Kiswahili la Taifa liliwapa kazi Penina Mlama na May Matteru, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978 juu ya haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Wao walikwenda kukaa madarasani. Waliona kwamba swali likiulizwa kwa Kiingereza darasa hunyamaza, au hujibu lisiloulizwa. Likirudiwa kwa Kiswahili mikono hunyanyuka na majibu huwa sahihi. Hiki nacho ni kipimo, na ni kipimo cha sikio: mwalimu amesema, mwanafunzi amesikia au hakusikia. Lakini hakikutoa asilimia kwa kila kidato, wala hakikuwa na jina la kitaalamu. Kipimo cha jicho kilikuwa na tarakimu. Kila mwandishi aliyefuata, akiwa upande wowote wa mjadala, alinukuu tarakimu za 1984, na mengi yaliyosemwa juu ya Kiingereza cha vijana wetu yamesimama juu ya kusoma peke yake. Hatusemi kwamba tarakimu zile si za kweli. Tunasema ni nusu ya habari, na huenda nusu ya pili ni mbaya zaidi, maana maandishi yaweza kurudiwa mara tatu, na sauti ya mwalimu haisubiri.

Tukitazama nchi nyingine tunakuta kinyume kinachochekesha. Japani haifundishi fizikia kwa Kiingereza, lakini Januari 2006 iliongeza sehemu ya kusikiliza katika mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, na kila mtahiniwa akapewa kifaa chake kidogo cha kusikilizia. Tangu 2021 kusoma kuna alama 100 na kusikiliza 100. Korea ya Kusini ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari wanaposikiliza maswali ya Kiingereza. Penye Kiingereza kama somo tu, sikio hutahiniwa kwa heshima zote. Penye Kiingereza kama njia ya kila somo, haliulizwi.

Pingamizi la gharama tunalijua. Si kila shule ina umeme, na mvua ya masika juu ya bati haijui ratiba ya mitihani. Imla ya darasa la 4 inaonyesha kwamba sauti ya msimamizi yaweza kutosha. Ila kumbi mbili zitakuwa na wasomaji wawili, na matamshi ya mmoja yaweza kuwa msaada au kikwazo. Hayo ni ya watahini kuyapima. Letu ni majina. Tunapendekeza ufahamu usiachwe uchi: isemwe ufahamu wa kusoma na ufahamu wa kusikiliza, hata katika karatasi iliyo na mmoja tu, ili upungufu wa mwingine uonekane katika kichwa cha habari. Kusikiliza, wala si kusikia; mtu husikia ngurumo bila ya kukusudia. Kusoma kwa sauti kubaki jina la stadi ya kutamka. Ama usikivu, ambalo wengine wamelitumia kwa jambo hili, lina wenyewe tayari: mzazi hulitumia kumsifu mtoto mtiifu, na fundi wa redio hulitumia kueleza jinsi matangazo yanavyopatikana. Jaribio la usikivu ni la daktari wa masikio, na mwanafunzi anayeshindwa kufuata somo la kemia aweza kulifaulu vizuri kabisa.