Mapepo Yaliyopigwa Marufuku: Historia Iliyoizaa Filamu ya Constantine

Aprili 21, 1954, mchapishaji William Gaines aliketi mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikisikiliza ushahidi jijini New York. Seneta Estes Kefauver akainua jalada la kitabu cha katuni: mwanamume ameshika shoka mkono mmoja, na wa pili ameninginiza kichwa cha mwanamke kilichokatwa. Akamuuliza Gaines kama aliona jalada lile lina staha. Gaines akajibu kwamba ndiyo, kwa kitabu cha kutisha lina staha. Lingeikosa endapo kichwa kingeinuliwa zaidi na damu ikaonekana ikichuruzika shingoni. Siku iliyofuata jibu hilo lilikuwa ukurasa wa kwanza wa gazeti la New York Times.

Nusu karne baadaye, Februari 2005, Warner Bros. ilipeleka kwenye majumba ya sinema filamu iitwayo Constantine. Keanu Reeves anaigiza mpunga pepo wa Los Angeles anayekohoa damu, anayebishana na Malaika Gabrieli na kumwita Lusifa kwa jina. Filamu hiyo ilitokana na vitabu vya katuni, na iligharimu takriban dola milioni 100. Ili mapepo yatoke kizimbani na kufika kwenye skrini yenye bajeti kubwa kiasi hicho, wachoraji, waandishi na wahariri walipaswa kwanza kuipata tena ruhusa ambayo tasnia yao ilikuwa imejinyang'anya yenyewe.

Hofu ilikuwa imeanza mapema. Mwaka 1948, huko Spencer, West Virginia, na Binghamton, New York, watoto wa shule walirundika vitabu vyao vya katuni uwanjani na kuvitia moto huku wakubwa wakisimamia. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham akatoa kitabu Seduction of the Innocent, akidai kuwa katuni zinawaharibu watoto na kuwaingiza kwenye uhalifu. Wertham hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa amefungua kliniki Harlem iliyowatibu watu weusi kwa malipo madogo, wakati ambapo ni wachache mno waliowajali. Lakini mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, baada ya kupekua majalada yake, alionyesha kwamba daktari huyo alibadilisha na kuchanganya maelezo ya watoto aliowahoji ili yaendane na hoja yake.

Ufafanuzi huo ulichelewa mno. Mwishoni mwa mwaka 1954 wachapishaji wenyewe, wakihofia serikali isije ikawatungia sheria, waliunda Comics Code, kanuni yenye muhuri wa kubandikwa kwenye jalada. Wafu wanaotembea walipigwa marufuku, pamoja na wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu. Maneno ya kutisha hayakuruhusiwa hata kwenye jina la kitabu. Hakuna polisi aliyetumwa kukagua. Wasambazaji walikataa tu kupeleka vibandani kitabu kisicho na muhuri, na hilo lilitosha. Gaines alifunga majarida yake ya kutisha mwaka uleule. Uingereza nayo, mwaka 1955, ilipitisha sheria dhidi ya katuni za namna hiyo.

Kilichofuata ni miaka mingi ya ukame.

Mwaka 1971 kanuni ililegezwa. Wanyonya damu na watu wanaogeuka mbwamwitu waliruhusiwa kurudi, ilimradi wafuate nyayo za hadithi kongwe kama Dracula na Frankenstein. Mwaka huohuo, katika jarida la House of Secrets la kampuni ya DC, mwandishi Len Wein na mchoraji Bernie Wrightson walimleta Swamp Thing, kiumbe wa kinamasi mwenye mwili wa mizizi na majani. Huyo ndiye aliyekuja kumfungulia Constantine mlango, ingawa wakati ule hakuna aliyelijua hilo.

Mfululizo wa Swamp Thing ulikuwa hoi kwa mauzo wakati Mwingereza Alan Moore, kutoka Northampton, alipokabidhiwa. Pamoja na wachoraji Stephen Bissette na John Totleben, aliandika hadithi za hofu zilizomchukulia msomaji kuwa mtu mzima anayefikiri. Mwaka 1984 toleo la 29, lenye wafu wanaotembea na uovu ndani ya ndoa, lilikataliwa na wakaguzi wa Kanuni. DC ingeweza kuagiza lichorwe upya, kama ilivyokuwa desturi. Ikalichapa bila muhuri. Muda mfupi baadaye mfululizo mzima ukauacha muhuri, na mauzo yakapanda. Nafasi iliyompa Constantine uhai ilipatikana hapo, kwa uamuzi wa kiofisi ambao wasomaji wengi hawakuutambua.

John Constantine mwenyewe aliingia mwaka 1985, katika toleo la 37. Bissette na Totleben walikuwa wakitamani kumchora mtu anayefanana na mwanamuziki Sting, na Moore akawapa mtu huyo kazi: mchawi wa mtaani kutoka Liverpool, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, koti refu na sigara isiyotoka mdomoni. Hana fimbo ya miujiza wala joho. Anajua siri za watu, anadanganya vizuri, na marafiki zake hufa kwa sababu yake.

Januari 1988 akapata jarida lake, Hellblazer. Lilikusudiwa kuitwa Hellraiser, lakini filamu ya Clive Barker ililitangulia jina hilo. Mwandishi wa kwanza, Jamie Delano, aliyapeleka mapepo pale yalipouma zaidi. Katika toleo la 3, siku ya uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 1987 uliomrudisha Margaret Thatcher madarakani, mapepo yananunua na kuuza roho za vijana wenye tamaa ya utajiri mfano wa hisa sokoni. Katuni ya miaka ya hamsini isingethubutu kusema jambo hilo. Mhariri Karen Berger, aliyesimamia kazi hizi, alianzisha mwaka 1993 chapa ya Vertigo kwa ajili ya wasomaji wazima, na Hellblazer likawa mhimili wake.

Mwaka 1991 mwandishi kijana kutoka Ireland ya Kaskazini, Garth Ennis, alianza zamu yake na hadithi ya Dangerous Habits. Sigara zimemfikisha Constantine kwenye saratani ya mapafu, naye yu karibu kufa. Pepo mkuu anamsubiri kwa hamu kwa kuwa ana kisasi naye. Constantine anaiuza roho yake kwa siri kwa watawala wengine wawili wa kuzimu. Wote watatu wanapogundua, wanaona kwamba akifa watapigana vita juu yake na kuzimu itasambaratika. Hawana la kufanya ila kumponya. Katika hadithi zote zilizoandikwa kuhusu mtu kuweka rehani roho yake, hii ni miongoni mwa zilizosukwa kwa akili zaidi, kwa sababu mdaiwa anashinda kwa kukopa zaidi.

Hapo ndipo filamu ilipochota uti wake wa mgongo. Nicolas Cage na muongozaji Tarsem Singh walihusishwa na mradi huo kwa muda, kisha wakajitoa. Kazi ikaangukia kwa Francis Lawrence, aliyekuwa ametengeneza video za muziki na hajawahi kuongoza filamu ndefu. Constantine akawa Mmarekani mwenye nywele nyeusi, London ikageuka Los Angeles, na siasa za Thatcher zikatoweka. Wasomaji wa zamani waliumia, na walikuwa na haki: mtu yule alitokana na mtaa na enzi yake. Alan Moore, aliyekuwa amekwisha kuchoshwa na Hollywood, alikataa malipo yake akataka wagawiwe wachoraji.

Lakini filamu ina nguvu zake, na ni kubwa. Kuzimu yake ni Los Angeles hiyohiyo, magari yamekwama barabarani, inapeperushwa na upepo usiokoma kama ule wa mlipuko wa nyuklia. Lawrence alizitazama picha za majaribio ya mabomu ili kuijenga. Tilda Swinton anamfanya Gabrieli kuwa kiumbe asiyetambulika kuwa mume au mke, mpole wa sauti, aliyeamua kwamba binadamu hawastahili rehema mpaka wateswe kwanza. Katika filamu iliyojaa mapepo, uovu unaotia baridi zaidi unatoka kwa malaika. Djimon Hounsou, mzaliwa wa Cotonou, Benin, nchi inayoiadhimisha dini ya Vodun kwa sikukuu ya taifa kila Januari, ni Midnite, mwenye klabu isiyoegemea upande wowote kati ya mbingu na kuzimu. Mkuki uliomchoma Yesu ubavuni unachimbuliwa Mexico ukiwa umefungwa kwenye bendera ya Wanazi, ilhali mkuki unaodaiwa kuwa wenyewe umetunzwa kwenye kasri la Hofburg, Vienna.

Mwisho wa hadithi ya Ennis nao uligeuzwa. Constantine wa filamu anapompata Lusifa ana kwa ana, anaomba roho ya Isabel, mwanamke aliyejiua, iachiliwe. Kwa kujitoa huko anaanza kupaa mbinguni, na Lusifa, asiyetaka kumpoteza, anaing'oa saratani mapafuni mwake kwa mikono ili aishi na kupata nafasi ya kutenda dhambi tena. Ujanja wa Ennis umepewa moyo wa huruma ambao katuni haikuwa nao. Hilo si kosa.

Kisha wakaguzi wakarudi, wa aina nyingine. Lawrence ameeleza kwamba walifuata kwa makini masharti ya daraja la PG-13, wakipima damu na lugha. Bodi ya Marekani ya kupanga madaraja ya filamu ikaipa R hata hivyo, yaani walio chini ya miaka 17 waingie na mzazi au mlezi, kwa sababu ya hali nzima ya filamu: mapepo, uzito, hofu. Angalijua, Lawrence amesema, angaliongeza ukali. Filamu iliingiza takriban dola milioni 230 duniani kote.

Muhuri wa mwaka 1954 ulikufa Januari 2011, DC na Archie, kampuni za mwisho zilizoubandika, zilipouacha. Hellblazer lilifungwa mwaka 2013 kwa toleo la 300. Septemba 2022 ikatangazwa kwamba sehemu ya pili ya filamu inaandaliwa, Reeves na Lawrence wakiwa pamoja tena, na muongozaji huyo amesema kwamba safari hii anakusudia kutengeneza R ya kweli.