Kwa nini gemu ya Commodore 64 haikufanya kazi kwenye ZX Spectrum?

Miaka ya 1980 familia nyingi za Ulaya na Marekani zilianza kununua kompyuta za nyumbani. Tatizo likawa moja: programu ya mashine hii haikufunguka kwenye ile. Ukiwa na ZX Spectrum, kaseti ya Commodore 64 haikuwa na faida yoyote kwako.

Kwa watengenezaji, kuhamisha gemu kwenda mashine nyingine mara nyingi kulimaanisha kuiandika upya. Sababu ni hizi.

Prosesa hazikuelewana

ZX Spectrum ilitoka Uingereza mwaka 1982 ikiwa na prosesa ya Z80. Commodore 64 ya Marekani ilitoka mwaka huo huo na prosesa ya 6510. Kila moja ina lugha yake ya mashine, na amri za Z80 hazina maana kwa 6510.

Gemu nyingi ziliandikwa moja kwa moja kwa lugha hiyo ili zikimbie haraka. Kumbukumbu nayo ilikuwa finyu: kilobaiti 16 au 48 kwa Spectrum, 64 kwa Commodore.

Picha na sauti

Commodore 64 ilikuwa na chipu inayoweza kuonyesha vikaragosi 8 vinavyotembea juu ya mandhari bila kuisumbua sana prosesa. Spectrum haikuwa nayo. Prosesa ilichora na kufuta kila kitu yenyewe.

Tena, kwenye Spectrum kila kisanduku cha nukta 8 kwa 8 kilibeba rangi mbili tu. Mhusika akipita mbele ya ukuta, rangi zinaingiliana. Kwa hiyo hata michoro ilibidi ibuniwe upya.

Kwenye sauti, Commodore ilipiga sauti tatu kwa pamoja. Spectrum za mwanzo zilikuwa na spika ndogo ya mlio mmoja tu.

Prosesa ikifanana je?

Hapo napo kazi ipo. Amstrad CPC 464, iliyotoka mwaka 1984, ilitumia Z80 kama Spectrum. Lakini skrini ya Spectrum ilihitaji baiti 6,912, wakati ya Amstrad ilichukua takribani 16,000. Prosesa ya aina ile ile, mzigo zaidi ya mara mbili.

Baadhi ya kampuni zilitumia njia ya mkato: zilichukua gemu ya Spectrum, zikairekebisha kidogo na kuiuza kwa wenye Amstrad. Matokeo yake gemu iliburuta na kuwa na rangi chache, kwenye mashine yenye rangi 27 za kuchagua. Aliyeumia ni mnunuzi.

Hata BASIC ilitofautiana

BASIC ni lugha nyepesi iliyokuja ndani ya kompyuta hizi. Jina moja, lahaja nyingi. Kuweka ukingo mwekundu kwenye Spectrum unaandika BORDER 2. Kwenye Commodore 64 unaandika POKE 53280,2, yaani unapeleka namba 2 sehemu maalumu ya kumbukumbu. Amri hiyo ya pili ukiiandika kwenye Spectrum, rangi ya ukingo haibadiliki.

Suluhisho gani lilijaribiwa?

Uholanzi, shirika la utangazaji la NOS lilirusha programu redioni kwa mfumo wa BASICODE. Mistari ya programu iliyo chini ya namba 1000 iliachiwa kazi za kila mashine. Kuanzia 1000 ndipo programu yenyewe ilianza, na hiyo ilikuwa sawa kwa wote. Gharama yake? Ulitumia tu vile ambavyo kila kompyuta inaviweza.

Mwaka 1983 ukaja mfumo wa MSX: kampuni kama Sony, Panasonic na Philips zilitengeneza kompyuta zinazofuata kiwango kimoja. Ulipata soko Japani, Uholanzi na Brazil, lakini Uingereza haukufua dafu.

Leo ikoje?

Wazo la BASICODE ndilo linaloendesha simu yako. Android inakaa kati ya app na vifaa, hivyo app moja inafunguka kwenye Samsung na kwenye Tecno. Ila app ya Android bado haifunguki kwenye iPhone. Hapo mtengenezaji bado anahitaji toleo la pili.