Bao kwenye trei za mayai

Nimeadimika kidogo, nilikuwa napanga siku ya hesabu ya wazazi na watoto hapa Mlolongo. Jaribio la kwanza lilifeli. Niligawa karatasi za maswali, wazazi wakakaa nyuma kimya. Baba mmoja, dereva wa lori, akaniambia, “Kijana, hesabu ilinishinda nikiwa darasa la sita.”

Nilikuwa nimeiga Wamarekani. Kitabu cha Family Math kilitoka Berkeley mwaka 1986, na ukikisoma vizuri kinahimiza michezo, si karatasi (kosa langu hilo). Lakini michezo ya kuhesabu tulikuwa nayo zamani. Pale Hyrax Hill, Nakuru, alikochimba Mary Leakey mwaka 1937, kuna safu za mashimo ya bao zilizochongwa mwambani. Na mwaka 1973 Claudia Zaslavsky, katika Africa Counts, aliihesabu michezo ya aina hiyo kuwa sehemu ya hisabati ya Afrika.

Chukua bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kabla hujasambaza, lazima ujue kete ya mwisho itaangukia wapi. Sisi wa programu tungeiita kitanzi.

Safari ya pili nilikata trei mbili za mayai, vishimo 16 kila moja, nikaziunganisha. Kete zikawa maharagwe. Yule dereva, kumbe alijifunza bao akisubiri mizigo Mombasa, alimfunga mwanawe, akanifunga na mimi. Kisha akauliza kama naweza kuandika programu ya kumfunga yeye. Bado naiandika.